Nyanya au tango: kipi kinafaa zaidi kwenye kachumbari yako?

Ukifika kwa muuza mboga na hela ya kitu kimoja tu, fungu la nyanya au matango mawili, uchague kipi? Vyote viwili vinaliwa vibichi, vyote vinakaa pembeni ya pilau na nyama choma, na vyote vimesifiwa mitandaoni hadi vikapewa kazi za dawa. Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: kwa mtu mwenye afya njema, hasa anayekula maharage na mboga za majani kuliko nyama, nyanya inalizidi tango kwa virutubisho, na kwa mbali. Lakini wapo watu ambao tango ndilo linalowafaa, na baadhi yao hawajui. Kinachoamua zaidi ni chakula kingine kilichomo kwenye sahani, pamoja na afya ya anayekula.

Hizi ni takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani, ambazo wataalamu wa lishe wengi huzitumia. Ni kwa gramu 100 za kila kimoja kikiwa kibichi, yaani nyanya moja ya wastani, au theluthi ya tango refu.

| Kwa gramu 100 | Nyanya nyekundu | Tango na ganda lake |
|---|---|---|
| Maji | gramu 94.5 | gramu 95.2 |
| Nishati | kilokalori 18 | kilokalori 15 |
| Wanga wote | gramu 3.9 | gramu 3.6 |
| Sukari | gramu 2.6 | gramu 1.7 |
| Nyuzinyuzi | gramu 1.2 | gramu 0.5 |
| Vitamini C | miligramu 13.7 | miligramu 2.8 |
| Vitamini A | mikrogramu 42 | mikrogramu 5 |
| Vitamini K | mikrogramu 7.9 | mikrogramu 16.4 |
| Foleti (vitamini B9) | mikrogramu 15 | mikrogramu 7 |
| Potasiamu | miligramu 237 | miligramu 147 |
| Kalsiamu | miligramu 10 | miligramu 16 |
| Chuma | miligramu 0.27 | miligramu 0.28 |
| Likopini (rangi nyekundu ya nyanya) | mikrogramu 2,573 | hakuna |

Namba hizi hupanda na kushuka kulingana na aina ya mbegu, udongo na jinsi tunda lilivyoiva. Nyanya iliyochumwa ikiwa na rangi ya chungwa na kuivia kwenye tenga njiani si sawa na iliyoivia shambani. Hata hivyo, pengo lililopo kwenye vitamini C na likopini ni kubwa mno kuzibwa na tofauti za mbegu.

Hadithi ya maji

Watu husema tango ni maji na nyanya ni lishe. Tazama mstari wa kwanza wa jedwali: tofauti ya maji kati yao haifiki hata gramu moja. Tango linaonekana la maji zaidi kwa sababu halina uchachu, na kwa sababu tunalila kwa wingi. Mtu anaweza kumaliza tango zima la gramu 300 akiwa amesimama anapiga soga, ilhali wachache wanaweza kutafuna nyanya mbichi tatu mfululizo. Tango la ukubwa huo lina maji ya kujaza glasi na kubaki, ndiyo maana linapendwa wakati wa daku na kwenye joto la Pwani la mwezi wa pili. Sifa hiyo ni yake kwa haki, ila inatokana na ukubwa wa kiasi tunachokula.

Hoja hiyo ya kiasi uikumbuke, maana itarudi tukifika kwenye figo.

Vitamini C, na maharage yanayoingia hapo

Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Gramu 300 za nyanya mbichi zinakupa 41. Gramu 300 za tango zinakupa 8 na ushee. Kwa anayekula machungwa, mapera au maembe kila siku, pengo hili halina uzito, kwa kuwa pera moja linawazidi wote wawili. Lakini kuna kaya nyingi ambazo matunda hununuliwa mara mojamoja na kachumbari ndiyo chakula kibichi pekee kinachofika mezani. Huko, kuchagua tango peke yake ni kupoteza nafasi.

Pia kuna suala la damu. Sahani ya ugali na maharage ina madini ya chuma, kwa sababu maharage yaliyopikwa yana kama miligramu 2 katika kila gramu 100. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea hakifyonzwi kirahisi. Faiteti, kemikali za asili zilizomo kwenye maharage na kwenye dona, hukishika kikapita tumboni bila kuingia mwilini. Vitamini C hukibadili chuma hicho kikawa katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea, na kiasi kinachofyonzwa huongezeka sana. Sharti lake ni moja: viliwe kwenye mlo huohuo. Nyanya ya saa nne asubuhi haiyasaidii maharage ya jioni.

Nyanya iliyounga maharage haitoshi kwa kazi hiyo, kwa sababu vitamini C hupungua jikoni kadiri moto unavyoendelea. Nyanya mbichi pembeni, iliyokatwa muda mfupi kabla ya kula, ndiyo inayofanya kazi vizuri. Na chai ya rangi unayoishushia mara baada ya chakula inarudisha nyuma sehemu ya faida hiyo, maana tanini zilizomo kwenye majani ya chai nazo hukishika chuma. Isubiri saa moja hivi.

Wako wanaoamini kwamba wekundu wa nyanya ndio unaoongeza damu. Rudi kwenye jedwali: chuma kwenye nyanya na kwenye tango ni kilekile, na ni kidogo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku. Akitegemea nyanya peke yake atalazimika kula zaidi ya kilo 6. Nyanya inasaidia damu kwa mlango wa nyuma, kwa kukifungulia njia chuma cha maharage, dengu, kunde na mchicha. Na mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki avimeze kama alivyoelekezwa. Hakuna kachumbari inayochukua nafasi yake.

Kwa mla nyama hesabu inabadilika. Chuma cha nyama, maini na samaki ni cha aina nyingine, kinafyonzwa kirahisi bila kuhitaji msaada mkubwa. Kwa hiyo mbele ya sinia la mbuzi choma, ukipenda tango lako na pilipili, kula tu. Mahali ambapo ningesisitiza nyanya ni kwenye maharage.

Likopini: rangi nyekundu ina kazi gani?

Wekundu wa nyanya unatokana na likopini, kirutubisho cha jamii moja na kile kinachoipa karoti rangi, ingawa mwili hauwezi kuigeuza kuwa vitamini A. Tango halina kabisa. Likopini hupambana na kemikali zinazoharibu seli, na kwa miaka mingi watafiti wameichunguza kuhusiana na saratani ya tezi dume.

Hapo ndipo matangazo yanapozidi ushahidi. Mwaka 2005, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia ushahidi uliokuwepo kuhusu nyanya na saratani hiyo ikahitimisha kwamba ni mdogo sana, wa hatua za awali. Anayekuuzia unga wa nyanya kwenye kopo kama kinga ya saratani anakuuzia matumaini. Kula nyanya kwa kuwa ni chakula kizuri, na mwanaume aliyevuka miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kupima tezi dume.

Kinachonifurahisha kuhusu likopini ni jinsi inavyokwenda kinyume na vitamini C. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walipasha nyanya moto wa nyuzi 88 kwa nusu saa. Vitamini C ilipungua kwa asilimia 29, lakini likopini iliyoweza kutolewa kwenye nyanya hizo ilipanda kwa asilimia 164. Moto hupasua kuta za seli na kuiachia likopini iliyokuwa imefungiwa ndani. Ndiyo maana nyanya ya kopo, ile nzito ya kuungia, ina likopini zaidi ya mara kumi ya nyanya mbichi kwa uzito uleule, japo sehemu ya ongezeko hilo inatokana na kukaushwa maji. (Tomato sosi ya kumwagia chipsi ni kitu kingine. Ina sukari na chumvi za kutosha kukufanya usiiite mboga.)

Tena, likopini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Kachumbari ya nyanya tupu inakupa kidogo. Ukiiongezea vipande vya parachichi, au ukiila na pilau yenye mafuta yake, mwili unafyonza zaidi. Kwa bahati nzuri mchanganyiko wa nyanya na parachichi umeshazoeleka Kenya na Tanzania bila mtu yeyote kuufundisha darasani.

Kuhusu vitamini A, nyanya inalishinda tango mara nane, lakini usishangilie. Mikrogramu 42 ni chache mno mbele ya 700 hadi 900 anazohitaji mtu mzima. Karoti ina zaidi ya 800 kwa gramu 100. Anayetafuta vitamini A kwa ajili ya macho ya watoto aziache zote mbili anunue karoti, mchicha au viazi lishe vile vya rangi ya chungwa.

Tango linajivunia nini?

Kwa namba, tango linaongoza kwenye vitamini K, na kwa kiasi kidogo kwenye kalsiamu. Vitamini K inahitajika ili damu igande mtu anapojikata, na ina kazi kwenye mifupa. Lakini faida hiyo iko zaidi kwenye ganda. Tango lililomenywa linabaki na mikrogramu 7.2, yaani linashuka hadi usawa wa nyanya. Mtindo wa kulimenya tango likabaki jeupe, kisha kukwangua mbegu zake zote, unaacha kitu ambacho faida yake kubwa ni ubaridi mdomoni.

Kusema kweli, kwa mtu anayekula mchicha, matembele au sukuma wiki, vitamini K ya tango haina maana kubwa. Majani hayo yana nyingi kiasi kwamba tango halihesabiki.

Uchungu unaokutana nao kwenye baadhi ya matango, hasa upande wa kikonyo, unatokana na kemikali iitwayo kukabitasini, ambayo mmea huizalisha kwa wingi zaidi unapokosa maji au kupata joto kali. Kata ncha hiyo uonje kwanza. Likiwa chungu kidogo, menya na kuendelea. Likiwa chungu kama shubiri, litupe, kwa sababu kukabitasini nyingi huumiza tumbo.

Kwa anayepunguza uzito, tofauti ya kilokalori 3 kati ya nyanya na tango ni mzaha. Vyote vinajaza tumbo kwa nishati ndogo, na hapo tango linapata nafasi kwa sababu ni rahisi kulila kwa wingi kati ya mlo na mlo. Lakini lile "linayeyusha kitambi" halina msingi. Linasaidia pale tu linapochukua nafasi ya maandazi au chipsi. Na angalia unalimwagia nini: kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi kina kilokalori zaidi ya 90, sawa na gramu 600 za tango. Kwa mwenye kisukari pia, wanga wa nyanya na wa tango unakaribiana kiasi kwamba achague anachokipenda, na asiache dawa zake kwa sababu ya maji ya tango aliyoambiwa na jirani.

Wanaofaa kuchagua kwa tahadhari

*Mwenye ugonjwa wa figo.* Figo zikidhoofika hushindwa kutoa potasiamu ya ziada, na potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Gramu kwa gramu tango ni salama zaidi: 147 dhidi ya 237. Lakini ile hoja ya kiasi ndiyo hii. Tango zima la gramu 300 lina miligramu 441, wakati nyanya moja ya gramu 120 ina 284. Mgonjwa aliyeambiwa "kula tango badala ya nyanya" akamaliza tango zima ameongeza potasiamu akidhani amepunguza. Vipande vichache ndivyo vilivyokusudiwa. Nyanya ya kopo ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana ina zaidi ya miligramu 1,000 kwa gramu 100. Kiasi halisi kinachokufaa utakipata kwa daktari wako, kwa kutazama vipimo vyako.

*Mwenye kiungulia.* Nyanya ina asidi ya kutosha kumwamsha usiku mtu ambaye tindikali humpanda kooni. Si kila mmoja huathirika. Ila kama kila ukila kachumbari ya nyanya jioni unalala umekaa, jibu la jedwali halikuhusu. Kula tango, na limau nalo liache.

*Anayetumia warfarin.* Dawa hii ya kuzuia damu isigande hufanya kazi kinyume na vitamini K. Kanuni ni kula vyakula vyenye vitamini K kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, bila kupanda na kushuka ghafla. Nyanya haimsumbui. Tango na ganda lake kwa kiasi kidogo halina shida, lakini mtu asianze ghafla tabia ya juisi ya matango matatu kila asubuhi bila kumwambia daktari.

Kuosha

Kwenye usafi tango lina nafuu moja: linaweza kumenywa. Nyanya huliwa na ngozi yake, na ngozi hiyo imepita kwenye dawa nyingi. Tangu kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, aingie Kenya na Tanzania karibu mwaka 2014, wakulima wa nyanya wamekuwa wakipuliza mara kwa mara ili wasipoteze shamba zima. Nyanya yenye vumbi jeupe la dawa uioshe vizuri kwa maji yanayotiririka huku ukiisugua kwa mkono. Tango nalo lioshe hata kama utalimenya, kwa sababu kisu huingiza uchafu wa ganda ndani. Kipindi cha kipindupindu, kachumbari ya kununua barabarani niikose kabisa. Nitatengeneza ya nyumbani kwa maji safi na mikono iliyonawiwa kwa sabuni.

Usikate mapema pia. Vitamini C huharibika ikikutana na hewa, na huyeyuka kwenye maji. Kachumbari iliyokatwa asubuhi ikaliwa usiku imeshapoteza sehemu ya kile ulichoinunulia. Wanaokamua nyanya kwa chumvi kisha kumwaga ule mchuzi wanamwaga vitamini C na potasiamu pamoja nao. Huo mchuzi unywe, au uuache uingie kwenye wali.

Bei ikiingilia kati

Yote haya ni kwa siku ambazo nyanya zina bei ya kawaida. Mvua za masika zikizidi, nyanya huoza shambani, barabara za kutoka Ilula, mkoani Iringa, na maeneo mengine ya kilimo huharibika, na fungu lililokuwa na nyanya sita linabaki na tatu. Kishawishi kinachofuata ni kununua masalo, zile zilizopondeka na kuanza kuvuja. Kwa kupika siku hiyohiyo, ukikata na kutupa sehemu kubwa kuzunguka palipoharibika, zinaweza kufaa kama hazijaota ukungu wala kunuka. Kwa kachumbari, hapana. Tunda laini lililopasuka halioshiki.

Nyanya unazopata zikiwa ngumu ziache mezani ziive, usizikimbizie kwenye friji, maana baridi huua harufu na ladha yake. Matango chagua yaliyo magumu, ya kijani kilichokolea, ya ukubwa wa kati. Lililoanza kuwa la njano limekomaa na mbegu zake zimekuwa ngumu.

Nyanya zikiwa ghali kabisa, chukua tango bila kinyongo, kisha uzibe pengo la vitamini C kwa kitu kingine cha bei nafuu. Kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau kinaongeza kama miligramu 6, zaidi ya mara mbili ya zilizomo kwenye gramu 100 za tango. Kabichi mbichi ni bora zaidi: ina miligramu 36 kwa gramu 100, karibu mara tatu ya nyanya, na nyuzinyuzi gramu 2.5. Ichambue majani ya nje, uioshe, uikate nyembamba kabisa, uchanganye na tango lenye ganda, limau na chumvi kidogo. Kwa sahani ya maharage, mchanganyiko huo unaipita hata kachumbari ya nyanya.